Samaki Mia Mbili wa Mzee Matonya

Penina alizamisha mkono lamboni hadi kwenye kiwiko, akatazama chini. Kiganja kilionekana. Vidole vyote vitano vilionekana, hata kovu la mundu kwenye kidole gumba likaonekana, wazi kama vile ameutia mkono kwenye beseni la kunawisha wageni. Akauchomoa haraka kana kwamba umeng'atwa.

"Haiwezekani," alisema peke yake.

Siku tatu tu zilizopita maji haya yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Alikuwa amejaza kiroba samadi kavu, akakitoboa matundu, akakifunga kamba kwenye kigingi na kukitumbukiza majini, kama alivyofundishwa. Samadi hulegea polepole na maji hugeuka kijani. Kijani hicho ni chakula. Ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na samaki huvila bure tangu jua linapochomoza hadi linapozama, bila mtu kununua hata kisado kimoja cha pumba. Ukizamisha mkono hadi kiwiko na kiganja kikapotea, chakula kipo. Kikionekana, chakula kimekwisha.

Kilikuwa kiroba cha tisa tangu mwezi wa tatu. Nani anakula lambo zima kwa siku tatu?

Alichukua kipande cha chandarua kikuukuu alichokishonea kwenye duara la waya, akarusha konzi moja ya chakula na kungoja. Maji yalichemka. Kabla chembe ya mwisho haijagusa maji, za kwanza zilikuwa zimekwisha. Akainua chandarua. Ndani walirukaruka samaki watano, na Penina alipowaona mdomo wake ulibaki wazi kwa muda ambao nzi angeweza kuingia, akatembea, akatoka. Mwezi uliopita walikuwa urefu wa kidole cha kati. Mwezi huu walikuwa urefu wa kidole cha kati.

Zilibaki wiki mbili kabla ya siku ya kuvuta wavu.

Penina alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa amerudi kwa baba yake, nje kidogo ya Mvumi, baada ya ndoa yake ya Morogoro kuvunjika. Hakurudi na sufuria wala godoro. Alirudi na kichwa chake na ulimi wake, na vyote viwili vilikuwa vikali. Mwaka wa kwanza alilima uwele wa baba. Mwaka wa pili akaliomba lile lambo dogo lililo chini ya boma, la kunyweshea ndama, afuge samaki.

Kaka yake, Meshack, aliyekuwa akiwachunga ng'ombe wa baba na akijiona tayari kama mwenye boma, alicheka mpaka akakaa chini.

"Samaki? Hapa kwetu? Baba, huyu malaria imempanda kichwani."

"Lambo lina maji mpaka mwezi wa tisa," Penina alisema. "Ndama wako wana kisima kule ng'ambo."

"Kule ng'ambo ni saa nzima ya kutembea!"

Mzee Matonya alikuwa akisokota kamba ya ngozi. Huyu alikuwa mzee wa ng'ombe, ndani na nje. Idadi ya ng'ombe wake hakuna aliyeijua, hata Meshack aliyewachunga, kwa sababu wengine walikuwa wametawanywa kwa marafiki huko Mlali na kwingineko, kama wazee wanavyofanya ili ukame au ugonjwa usilikute zizi zima mahali pamoja. Samaki hakuwahi kula. Alimwita funza wa majini. Kwa hiyo wote wawili walishtuka aliposema:

"Apewe."

"Baba!"

"Apewe mpaka Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya mavuno. Siku hiyo tutavuta wavu. Samaki akijaa hapa," akakunjua mkono wake wa kuume, "lambo ni la Penina, wala nisisikie tena. Asipojaa, ndama wanarudi."

Kiganja cha Mzee Matonya hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa kipana kama jembe, kigumu kama kwato. Penina alikitazama, akakubali.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Mwezi wa kwanza, vifaranga walipokuwa tayari kwenye kituo cha kuzalishia, Penina alikuwa hoi kitandani kwa malaria. Mzee mwenyewe alipanda pikipiki ya kukodi akaenda kuwachukua, akarudi jioni akiwa amejaa vumbi, akawamimina. Penina alipoinuka siku ya nne na kumuuliza ni wangapi, alijibiwa, "Wapo." Wiki ileile akaja Ibrahimu, afisa uvuvi, kijana mpole wa Kondoa, mtoto wa wakulima wa alizeti, na daftari lake kwapani.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa Kigogo chake cha kuokoteza.

"Mbukwa," mzee aliitikia, akificha tabasamu.

"Shikamoo, mzee. Ulileta vifaranga wangapi?"

"Marahaba. Wachache tu."

"Wachache kama wangapi? Nipate kupiga hesabu ya chakula."

Mzee alitazama mbali, upande wa zizi. "Mia mbili. Hata sidhani kama wanafika."

Ibrahimu akaandika mia mbili. Kisha akamfundisha Penina kila kitu, na alifundisha vizuri. Chakula cha dukani hakina haja, alisema, pesa yote itaishia humo. Pita kwenye mashine ya kukamua alizeti, beba mashudu. Pita kwenye mashine ya kukoboa, beba pumba ya mahindi. Vumbi la dagaa linalobaki chini ya magunia sokoni, lile wanalolifagia, liombe. Twanga, changanya, shikanisha kwa uji wa uwele, anika. Lisha mahali pamoja, saa ileile, asubuhi na jioni. Kwa samaki mia mbili, anza na konzi mbili, panda taratibu, na wakifika miezi mitano zisizidi konzi nane kwa siku.

"Na usizidishe," alisisitiza, akiinua kidole. "Kuna mtu kule kata ya jirani aliwahurumia samaki wake akawa anawamwagia debe. Chakula kilioza chini, maji yakakosa hewa, asubuhi moja akawakuta wote wanaelea, matumbo juu. Samaki ataigiza njaa hata akiwa ameshiba. Usimsikilize. Sikiliza hesabu."

Penina aliisikiliza hesabu kama neno la madhabahuni. Konzi nane. Hakuzidisha hata moja.

Na sasa samaki wamesimama. Hawafi wala hawakui. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea, kwa sababu Meshack alikuwa na kipaji cha kutunga na hakukitumia kwa jambo jema. Kila alipopita na ng'ombe wake juu ya lambo, aliimba kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka barabarani:

"Samaki wake Penina,
wana mkia na jina,
mwili tu ndio hawana!"

Siku hiyo aliimba tena. Lakini Penina hakumsikia, maana alikuwa ameinamia kitu kingine kwenye tope la ukingoni. Nyayo. Alama za makubazi ya tairi, mpya, za asubuhi ileile, zikishuka hadi kwenye maji na kupanda tena. Yeye alivaa ndala.

Meshack alivaa makubazi ya tairi.

Damu ilimpanda Penina kutoka miguuni. Alipanda kilima kile kwa hatua za askari, akamkuta kaka yake mlangoni mwa zizi, na baba yao ameketi kwenye kigoda pembeni, akichonga mpini.

"Kaka! Unafanya nini lamboni kwangu?"

"Lamboni kwako? Mimi?"

"Nyayo zako ziko pale, nimezipima kwa mkono wangu. Unanywesha ng'ombe wako kwenye maji yangu nikienda mashineni! Ndiyo maana kijani kinakwisha! Au unawaibia samaki chakula, unampa nani, mbwa?"

Meshack alitoa macho. "Ng'ombe wanywe kijani? Penina, ng'ombe wangu wana heshima zao!"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikuzaliwa kuiba pumba ya samaki! Ndama wangu wanatembea saa nzima kwenda kisimani, mmoja juzi kavunjika kwato, na sijasema neno. Samadi unayotumbukiza mle ni ya nani? Ni ya ng'ombe wangu! Umeniomba hata siku moja nikakunyima?" Akainua kidole juu. "Naapa kwa kaburi la mama, sijakanyaga kule."

Kuapa kwa kaburi la mama hakukuwa jambo dogo katika nyumba ile. Lakini Penina alikuwa amekwisha kuwaka.

"Basi nyayo zile ni za shetani!"

"Ondoka mbele yangu. Siku ya wavu tutaonana, na sitakuhurumia. Nilikuwa nimefikiri nikuhurumie. Sasa basi."

Kwa muda wote huo Mzee Matonya alikuwa akichonga mpini uleule mahali palepale, mpaka ukawa mwembamba kama kiko. Ndipo akakohoa.

"Penina, mwanangu. Waongezee chakula."

"Ibrahimu amesema konzi nane, baba."

"Ibrahimu ni mtoto wa Kondoa. Anajua nini habari ya njaa? Ongeza."

"Niongeze kiasi gani?"

Mzee alitazama upande wa zizi. "Ongeza... ongeza mara nne."

"Mara nne!" Penina alipigwa na butwaa. Alimtazama baba yake kama anayemwona mtu akivaa kofia mguuni. "Baba, mara nne wataoza wote kabla ya Jumatatu! Wewe samaki hujawahi hata kumshika!"

"Basi," mzee alisema chini kwa chini. "Nimesema tu." Akautupa mpini uliokufa mikononi mwake.

Penina alizungushia lambo miiba ya mgunga siku ileile, akaacha mlango mmoja tu na kuufunga kwa waya.

Jumamosi ya wavu ilifika na watu wake. Ibrahimu alikuja na wavu wa kukokota, mizani na ndoo tano. Walikuja majirani kumi na kitu, wengine wakiwa na masufuria kwa matumaini, wengine wakiwa wamekuja kucheka. Meshack alikuja na ndama wake kabisa. Aliwasimamisha nje ya miiba, wakiwa na kiu, wakinusa maji.

"Umewaleta wa nini?" Penina aliuliza.

"Wanasubiri zamu yao."

Tangu lile gomvi walikuwa hawajazungumza. Penina alikaza kitenge kiunoni. Usingizi ulikuwa umemkimbia kwa siku tatu. Kama lambo likiondoka, alijua kabisa litakalofuata. Angebaki kwenye nyumba ya baba kama mtu wa kulishwa, na baba akiondoka, kwenye nyumba ya Meshack kama mtu wa kuvumiliwa. Hakukuwa na kipande kingine cha ardhi ambacho angekiita changu.

"Tuanze," Ibrahimu alisema. "Tuvute mara moja, tupate wote."

"Wote wa nini?" Mzee Matonya alidakia. Alikuwa amesimama kando, amejifunga shuka lake jekundu la siku kubwa. "Chota watatu wanne tuone. Yatosha."

"Lazima tuwaone wote, mzee. Tujue waliobaki."

"Mifugo haichunguliwi hivyo. Ni mkosi."

"Hawa ni samaki, mzee wangu."

"Wanalishwa, wanakua, wanaliwa. Mifugo."

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Penina alimwona akilifuta jasho kwenye paji la uso, na upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unavuma baridi.

Wakavuta. Wanaume wanne, wawili kila upande, na Penina katikati akikanyaga kamba ya chini isiinuke. Katikati ya lambo wavu ukagoma.

"Tope," mmoja alisema.

"Kisiki," mwingine akasema.

"Vuta!" Penina alipiga kelele.

Wavu ukasogea. Ukasogea tena. Kisha maji mbele yake yakainuka. Naam, yaliinuka yenyewe, yakawa meupe, yakapasuka, yakaruka juu kama mvua inayorudi mbinguni. Samaki! Samaki juu ya samaki! Walipiga maji, walipiga miguu yake, walimpiga kifuani, mmoja akamwingia kwenye kitenge. Wanawake walipiga yowe. Ndama walirudi nyuma wakakanyagana. Jirani mmoja aliachia kamba akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kamata kamba, wee!" Ibrahimu alifoka, na mwenyewe alikuwa ametoa macho.

Waliwaburuta hadi kwenye ukingo. Rundo lile liling'aa na kutikisika, na kila samaki ndani yake alikuwa mwembamba, mwepesi, urefu wa kidole cha kati na ukucha juu yake.

Hata Meshack hakuimba.

Ibrahimu alianza kuwatia kwenye ndoo zenye maji, kumi kumi, akihesabu. "Mia moja... Mia mbili." Akasimama. Zaidi ya nusu ya rundo ilikuwa haijaguswa. "Mia mbili na kumi. Mia mbili na ishirini."

"Usihesabu kwa sauti," Mzee Matonya alisema.

"Mia nne." Ibrahimu alivuta ndoo nyingine. "Mia tano."

"Kijana, nimesema usihesabu kwa sauti!"

"Mia saba na arobaini," Ibrahimu alimaliza, akaketi kwenye tope na suruali yake ya ofisini. "Mia saba na arobaini na wawili."

"Wamezaana," jirani alisema. "Samaki huzaana sana."

"Wamezaana vipi?" Ibrahimu aliuliza kama anayeuliza katika ndoto. "Kituo kile wanauza madume watupu, ili wasizae wakasongamana. Hawa ni madume! Mia saba na arobaini na wawili, madume!"

"Madume yamezaa!" mwanamke mmoja alisema, akafunga mdomo kwa upande wa kanga.

Penina alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini. Kitu fulani kilikuwa kinajipanga kichwani mwake, polepole, kama watu wanaojipanga foleni. Viroba tisa vya samadi. Maji ya kijani yaliyoliwa kwa siku tatu. Chakula kilichokwisha kabla mkono haujarudi. Kisha akaona nyayo za tairi kwenye tope, zikitoka mahali alipokuwa amesimama baba yake. Akazifuata kwa macho hadi kwenye miguu yake. Kisigino cha kushoto kilikuwa na pengo. Alama zile za ukingoni, zile alizozipima kwa mkono wake, zilikuwa na pengo.

*Ongeza mara nne.*

"Baba," alisema. "Uliwaleta wangapi?"

"Wachache."

"Baba."

Mzee Matonya alitazama upande wa zizi, lakini kutoka pale chini zizi halikuonekana. Hakuwa na mahali pa kuweka macho.

"Mifuko minne," alisema.

"Kila mfuko?"

"Sikuhesabu mimi. Alihesabu muuzaji."

"Alisemaje?"

"Alisema..." Mzee alisogeza midomo bila sauti, mara mbili, kama anayetafuna kitu kigumu. "Mia mbili. Kila mmoja."

Vilio, miguno na vicheko vilipanda kwa pamoja. Mia nane! Ibrahimu alilifungua daftari, akalitazama lile neno lake la mwezi wa kwanza, akalifunga tena taratibu, kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua.

"Mzee," alisema, "nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Na mimi nikujibu nini?" Mzee alilipuka. Aibu ilikuwa imegeuka hasira, kama kawaida yake. "Mgeni anakuja na daftari, anakuuliza una mifugo mingapi, unamtajia? Umelelewa wapi? Baba yangu hakutaja, babu yangu hakutaja. Wa chanjo akija, namwambia wachache. Wa sensa akija, namwambia wachache. Mwanangu mwenyewe hajui! Ukitaja, unawaua!"

"Ulikuwa unawaua kwa kutotaja!" Penina alisema.

Mzee aliinama, akamrudisha samaki mmoja kwenye ndoo.

"Nilipoliona kosa, nilikuwa nimekwisha kusema mia mbili," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nikawa nachimbua kichuguu, nawaletea mchwa. Kibuyu kimoja, viwili. Wanakula kama moto. Mpaka ulipoweka miiba."

Penina alishika kichwa. Miiba yake mwenyewe! Alikuwa amemfungia nje mtu pekee aliyekuwa anawalisha wale mia sita. Akageuka akamtazama Meshack, akataka kusema neno, lakini Meshack alikuwa amekwisha kuingia katika mshtuko wa kwake.

"Ngoja," Meshack alisema. "Vifaranga mia nane. Wewe ulikuwa na pesa ya mia mbili. Hiyo nyingine ulitoa wapi, baba?"

Mzee alijifunga shuka lake upya.

"Yule mtamba wangu mweusi, mwenye nyota usoni. Ulisema umempeleka kwa rafiki yako Mlali."

"Yuko Mlali," mzee alisema. "Yuko Mlali kwa aliyemnunua."

Mtamba! Watu waliofuga ng'ombe maisha yao yote walisimama pale wakiwa wamekauka kama miti. Mzee Matonya, aliyemwita samaki funza wa majini, aliuza mtamba mweusi mwenye nyota akanunua funza. Miezi yote hiyo Penina alikuwa akidhani alipewa lambo ili ashindwe, watu wapate la kucheka jioni.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia, ungemwambia Ibrahimu, Ibrahimu angeandika," mzee alisema. "Halafu uliporudi kutoka Morogoro hukuwa na kitu. Mtu haanzi boma na mnyama mmoja."

Meshack alivuka miiba, ikamchana mguu, hakujali. Alimchukua samaki mmoja kwenye ndoo, akamletea baba yake.

"Kunjua mkono."

"Meshack..."

"Neno ni lako, baba. Kunjua mkono."

Mzee Matonya alikunjua mkono wa kuume. Samaki aliwekwa. Alilala katikati ya kile kiganja kama kijiti juu ya jembe, akapiga mkia mara moja, na pembeni yake pakabaki nafasi ya kutosha kulaza wengine. Kila mtu aliona.

"Hajajaa," Meshack alisema. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Ndama wangu wana kiu."

Penina alitoka majini. Kitenge kilimgandia miguuni, tope lilimfika mapajani. Alienda kwenye ndoo, akatia mikono miwili, akarudi.

"Nilipewa chakula cha samaki mia mbili," alisema. "Konzi nane, hata moja sikuzidisha. Chakula cha mmoja kimeliwa na wanne tangu mwezi wa kwanza. Baba, niwalisheje wasiotajwa? Nihukumu kwa hesabu uliyonipa. Mmoja wako ni wanne wangu."

Akaweka wa pili juu ya kiganja. Akaweka wa tatu. Akaweka wa nne. Mzee alijaribu kukunja vidole, havikukunjika. Mikia ilitokeza huku, vichwa vikatokeza huku, na mmoja akateleza akaanguka kwenye tope karibu na kubazi lenye pengo.

"Huo ni ujanja wa maneno," Meshack alisema, lakini aliutazama ule mkono muda mrefu.

Mzee Matonya naye aliutazama. Alipozungumza, alizungumza na Meshack, taratibu, kama walivyozungumza zizini.

"Mwaka ule wa ukame nilikuachia zizi, nikakuachia na majani ya kuwatosha. Walikufa wangapi?"

Meshack hakujibu. Kwa desturi yao, hakupaswa kujibu.

"Taja," mzee alisema.

Majirani wakatazamana. Hilo lilikuwa halijawahi kusikika katika boma la Matonya.

"Kumi na wanane," Meshack alisema, akiyatazama makubazi yake.

"Kumi na wanane. Huyu nimempa mia nane na majani ya mia mbili. Nikamdanganya juu ya hayo. Na mia saba na arobaini na wawili wako hapa wananipiga kwa mikia." Akageuka. "Uliwalisha nini, mwanangu? Konzi nane hazifanyi hivi."

"Samadi," Penina alisema. "Nilipoona maji yanatakata, niliongeza samadi. Kijani ndicho kilichowashika roho." Kisha akamgeukia kaka yake. "Samadi ya ng'ombe wako. Na zile nyayo, kaka... nilikukosea. Uliapa kwa mama, na mimi sikukuamini. Nisamehe."

Meshack alikuna shingo. Alitazama ndama, akatazama ndoo.

"Mtamba alikuwa mzuri," alisema.

"Alikuwa mzuri," mzee aliitikia.

"Nipe ndoo moja ya hao, basi. Kama ng'ombe wangu ndio waliowalisha." Akaongeza haraka, "Na ndama wanywe leo. Leo tu. Wamekwisha kuja."

"Wanywe," Penina alisema. "Wasiingie na miguu."

"Lambo ni la Penina," Mzee Matonya alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nisisikie tena."

Waliwachagua wakubwa kidogo, wakawarudisha majini. Wale wadogo waligawanywa. Ndoo moja kwa Meshack, mbili za kupeleka kanisani kesho, na waliobaki wakaingia kwenye masufuria ya majirani, wakaangwe wakavu na kutafunwa pamoja na miiba yao. Mzee Matonya alipewa mmoja wa kuonja. Alimtia mdomoni akiwa amefumba macho, akatafuna, akafumbua jicho moja, akanyoosha mkono kuomba mwingine.

Jua lilikuwa limeinama Ibrahimu alipofungua ukurasa mpya wa daftari. Alikohoa. Alisogea karibu na mzee kama anayemsogelea fahali.

"Mzee wangu, ili nipige hesabu ya chakula upya. Tumerudisha wangapi majini?"

Mzee Matonya alivuta pumzi. Alitazama upande wa zizi. Kisha, kwa nguvu, kama anayegeuza jiwe, alirudisha macho na kumtazama kijana usoni.

"Mia mbili," alisema. "Kamili."

Na ilikuwa kweli. Aliwahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, walipokuwa wakirudishwa, midomo ikimcheza. Lakini Ibrahimu hakuandika. Kalamu ilibaki hewani, akamtazama Penina, Penina akamtazama Meshack, na Meshack akaanza kuvua makubazi.

"Wee!" mzee alisema. "Nimesema mia mbili!"

"Tumesikia, baba," Penina alisema, akikaza tena kitenge. "Shika kamba upande ule."